Kuvuka vipito vya milima mirefu kwa baiskeli: mwongozo wa kupanga safari

Safari ya baiskeli kwenye milima mirefu hupangwa kwa mahali pa kulala. Kabla ya kuhesabu kilomita, andika mwinuko wa kila kituo utakapolala, kwa mfuatano, kisha jiulize kama mwili utaufuata mfuatano huo. Mtu aliyekwisha kuzoea mita 3,500 anaweza kuvuka kipito cha mita 5,000 mchana, akashuka kulala chini na kuamka salama. Mtu yule yule akilala mita 4,600 siku ya tatu tangu aondoke bondeni, huenda asubuhi ashindwe hata kukunja hema lake. Ratiba nyingi huvunjikia hapo, huku miguu ingali na nguvu.

Kipito, katika mwongozo huu, ni sehemu ya chini kwenye mgongo wa safu ya milima, ambapo barabara huvukia kutoka bonde moja kwenda jingine.

Anza na msimu

Vipito vingi virefu hufungwa na theluji sehemu kubwa ya mwaka. Katika Alpi, Stelvio wa Italia (mita 2,757) na Iseran wa Ufaransa (mita 2,764) kwa kawaida hupitika kuanzia Juni hadi Oktoba hivi. Barabara ya Manali hadi Leh, kaskazini mwa India, hufunguliwa karibu Mei au Juni na kufungwa theluji inaporudi. Kusini mwa Ikweta miezi hugeuka: Agua Negra, kati ya Argentina na Chile, wenye mwinuko wa karibu mita 4,780, hupitika katika majira ya joto ya kusini. Angalia tangazo la barabara la mwaka huo huo, maana tarehe ya mwaka jana haifungui theluji ya mwaka huu.

Mwanzo wa msimu una tabu yake. Theluji inayeyuka na vijito vinakata barabara. Maji hayo hujaa alasiri baada ya jua kuchoma mchana kutwa, na hupungua usiku, kwa hiyo kijito kilichokushinda saa kumi jioni huenda ukakivuka saa moja asubuhi maji yakiwa chini ya magoti. Mwisho wa msimu barabara huwa kavu, lakini usiku huwa mkali na wenye mahema ya chakula njiani wameshafunga na kuondoka. Wiki za katikati ndizo bora, hata kama magari ni mengi.

Kwa baridi, tumia kanuni hii: kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5. Bondeni kwenye mita 1,000 kukiwa na nyuzi 25, tarajia nyuzi 5 au 6 kwenye kipito cha mita 4,000. Ukishuka kutoka hapo kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, upepo utaifanya ngozi isikie baridi ya sifuri au chini kidogo.

Panga usiku

Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari. Kwenye mita 5,500 ni nusu. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kila pumzi inachota kidogo. Mwili hujirekebisha, kwanza kwa kupumua haraka, kisha kwa mabadiliko ya damu yanayochukua siku na wiki. Hakuna mazoezi yanayofupisha muda huo. Kwa kweli wenye miguu mizuri ndio huugua kirahisi, kwa sababu hufika juu kabla ya miili yao.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usiongeze mwinuko wa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa ziada pale pale. Kinachohesabiwa ni mwinuko wa kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi ushuke.

Chora jedwali la safu nne: kituo, mwinuko wa kulala, mwinuko wa juu kabisa wa siku hiyo, kilomita. Kisha pita kwenye safu ya pili ukitafuta mruko unaozidi 500.

Barabara ya Manali hadi Leh ni mfano mzuri, kwa kuwa imewaumiza wengi. Manali iko karibu mita 2,050. Keylong, ng'ambo ya kipito cha Rohtang, iko karibu mita 3,080. Anayesafiri kwa gari hulala hapo, na usiku unaofuata hulala Sarchu, karibu mita 4,290, yaani mruko wa mita 1,200. Sarchu inajulikana kwa watu waliokesha wakishika vichwa. Kwa baiskeli mruko huo huvunjwavunjwa: usiku mbili Keylong, mmoja Darcha (karibu 3,360), mmoja Patseo (karibu 3,800), mmoja Zingzingbar (karibu 4,200), na usiku wa ziada pale pale kama kichwa kinauma. Baada ya hapo unavuka kipito cha Baralacha La, karibu mita 4,890, na kulala Sarchu mwili ukiwa umeshaonja mwinuko ule. Zimeongezeka siku mbili au tatu, lakini siku hizo zitakuja kulipwa hata hivyo, ama kwa mapumziko ama kwa ugonjwa.

Ukianzia Leh kwa ndege, unatua kwenye mita 3,500 bila maandalizi yoyote. Tenga siku tatu za kukaa, na usikiguse kipito cha Khardung La, kilicho kilomita 40 hivi kutoka mjini, hata kama kinaonekana karibu dirishani. Kibao cha pale juu kwa miaka mingi kilitangaza zaidi ya mita 5,600. Vipimo vya setilaiti vinasema 5,359. Tofauti hiyo inafundisha jambo: kwa jedwali lako tumia ramani ya kontua (yenye mistari ya mwinuko) au vipimo vya setilaiti, uviache vibao vya watalii.

Dalili, na cha kufanya

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, ukiwa juu ya mita 2,500, yachukulie kuwa ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Usipande zaidi siku hiyo. Pumzika na kunywa maji. Dawa ya maumivu inaruhusiwa, ila isitumike kama ruhusa ya kuendelea. Dalili zikizidi au zisipopungua ndani ya siku moja, shuka.

Aina mbili huua. Ya kwanza ni kuvimba kwa ubongo: mgonjwa huchanganyikiwa na kuyumba. Mwambie atembee kwa mstari ulionyooka akigusisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine. Akishindwa, ateremshwe mara moja hata kama ni usiku. Ya pili ni maji kwenye mapafu: kuhema akiwa ameketi, kikohozi chenye majimaji, midomo ya bluu. Huyu naye ateremshwe mita 1,000 au zaidi kwa gari lolote linalopita, asiendeshe wala asitembee kama kuna njia nyingine, maana jasho la kazi humzidishia ugonjwa.

Asetazolamidi, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Zungumza na daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Hufanya vidole viwashe na kukojoa kuongezeke, kwa hiyo ijaribu nyumbani kabla ya safari. Pombe na dawa za usingizi hupunguza upumuaji usiku, kwa hiyo ziache. Kupumua kwa vipindi usingizini, ukishtuka kama uliyesahau kuvuta pumzi, ni kawaida kule juu na peke yake si ugonjwa.

Hesabu ya siku ya kupanda

Kilomita kwa saa hazisemi kitu mlimani. Hesabu mita za kwenda juu kwa saa. Mwenye mzigo, chini ya mita 3,000, hupanda mita 300 hadi 400 kwa saa. Juu ya mita 4,000 apange 150 hadi 250. Baiskeli, mzigo na mpandaji vikiwa kilo 110 jumla, kwenye mpando wa asilimia 6 kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa, miguu inatoa wati 125 hivi. Si nyingi kwa mtu mwenye mazoezi aliye usawa wa bahari. Kwenye mita 4,500, ambako uwezo wa juu wa mwili umepungua kwa robo hadi theluthi, ni kazi nzito.

Chukua mpando wa mita 1,400 katika kilomita 25. Gawanya 1,400 kwa 25,000 na upate asilimia 5.6, wastani unaokubalika. Kwa mita 300 kwa saa ni saa nne na dakika 40. Ongeza dakika 15 za kupumzika kila baada ya saa moja, na jumla inakuwa saa tano na dakika 40. Ukiondoka saa 12 asubuhi unafika juu saa sita kasoro dakika 20. Lengo ndilo hilo: uwe umeshavuka kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mawingu ya radi hujikusanya mchana na upepo wa bondeni hukaza alasiri. Kama hesabu inakupeleka kileleni saa tisa mchana, kata siku hiyo vipande viwili.

Tahadhari na wastani. Asilimia 5.6 inaweza kuficha kilomita tatu za asilimia 11. Igawe njia kwa kila kilomita kwenye programu ya ramani. Tena programu hizo hukosea kwenye mahandaki na madaraja: husoma urefu wa mlima ulio juu ya handaki na kukupa mpando usiokuwapo. Programu mbili zikitofautiana kwa mamia ya mita katika jumla ya mpando, kwa kawaida hazijakosana kuhusu kipito chenyewe bali kuhusu vijilima vidogo vya njiani.

Mahandaki yana neno jingine. Pale Gotthard, Uswisi, handaki la magari la karibu kilomita 17 lililofunguliwa mwaka 1980 limekatazwa kwa baiskeli, na barabara kongwe ya Tremola, iliyotandikwa mawe, imebaki juu ikiwa tulivu. Chini ya Rohtang nako handaki lilifunguliwa mwaka 2020 na magari mengi yakahamia huko. Handaki jipya mara nyingi ni zawadi kwa mwenye baiskeli: mwachie mwenye lori apite chini.

Baiskeli: gia kwanza

Kosa la kawaida ni gia nzito. Pima hivi: gawanya meno ya sproketi ndogo kabisa ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa kabisa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Jibu ni mita unazosogea kwa mzunguko mmoja wa pedali. Meno 22 mbele na 36 nyuma, na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.07, yanakupa mita 1.26. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 4.5 kwa saa, na baiskeli bado inasimama wima. Baiskeli ya barabarani yenye 34 mbele na 28 nyuma inakupa zaidi ya mita 2.5, maradufu. Kwa mzigo, usizidi mita 1.5. Anayekwenda kwenye barabara za changarawe juu ya mita 4,000 alenge 1.3 au chini. Magoti yanayoharibika siku ya nne huwa yameharibiwa na hesabu hii.

Magurudumu yawe na spoki 32 au 36. Spoki hukatika kwa uchovu wa chuma, na nyingi hukatika gurudumu la nyuma, upande wa kaseti (fungu la sproketi za nyuma). Ubaya wake ni kwamba upande huo huwezi kuingiza spoki mpya bila kufungua kaseti, kwa hiyo beba kifungulio chake au spoki ya kamba inayopita bila kufungua kitu. Chukua spoki tatu kwa kila urefu. Magurudumu mengi yana urefu wa aina mbili au tatu, kwa hiyo zipime kabla.

Tairi za upana wa milimita 40 hadi 55 zinatosha njia nyingi. Usizijaze hadi kikomo: tairi pana yenye upepo wa wastani haipigwi sana na mawe na hushika vizuri kwenye kona. Mambo mengine ya kufunga kabla ya kuondoka: mnyororo mpya, waya mpya za gia, pedi mpya za breki na jozi mbili za akiba, boliti za keria zilizopakwa gundi ya kuzizuia zisilegee. Boliti za keria hulegea kwa mtetemo wa changarawe, na zikianguka bila wewe kujua mfuko unaingia kwenye spoki. Zikague kila asubuhi, na uwe na nne za akiba.

Vifaa vya kazi: spana za L za vipimo vya baiskeli yako, kikata mnyororo na viungo viwili vya haraka, pampu, tyubu mbili, viraka na solusheni, vifungio vya plastiki, waya mwembamba, mafuta ya mnyororo, na kishikizi cha kibadili gia cha nyuma kinacholingana na fremu yako. Hicho cha mwisho ni kipande kidogo cha alumini kilichotengenezwa kupinda ili fremu ipone. Kila fremu ina umbo lake, na hutakipata njiani.

Mzigo na nguo

Bila chakula na maji, kilo 15 hadi 18 zinatosha pamoja na hema. Kila kilo unayoiacha nyumbani utaikumbuka kwa furaha kwenye asilimia kumi. Weka vizito chini na karibu na fremu, kiasi mbele na kiasi nyuma. Mzigo wote ukiwa nyuma, gurudumu la mbele huinuka kwenye mpando mkali na usukani huanza kutikisika kwenye mteremko.

Nguo zigawanywe kwa kazi mbili zinazopingana: nyepesi za kupandia, nzito za kushukia. Glavu nene ni sehemu ya breki, maana vidole vilivyokufa ganzi havivuti kishikio. Miwani ya jua ni lazima, kwa kuwa mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000 na theluji huirudisha usoni. Paka krimu ya jua chini ya pua na kidevu pia. Mfuko wa kulalia uchaguliwe kwa joto ambalo mtengenezaji anasema utalala vizuri, usiende kwa lile la kunusurika.

Chakula, maji na jiko

Kiwango cha maji kuchemka hushuka nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Kwenye mita 4,500 yanachemka karibu nyuzi 85, na maharage makavu hayataiva hata umalize gesi yote. Beba vinavyoiva haraka: tambi nyembamba, uji wa shayiri, dengu nyekundu. Siku ya kipito hula kilokalori 4,000 au zaidi, ilhali juu hamu ya kula hupotea, kwa hiyo kula kidogo kila nusu saa kuanzia saa ya kwanza. Ukingojea njaa umechelewa.

Maji lita tatu hadi tano, kulingana na vijito vilivyo kwenye ramani. Chujio la maji la nyuzi tupu (nyuzi nyembamba zenye tundu ndani) likiganda mara moja nyuzi hupasuka, na halionyeshi dalili yoyote, huku likipitisha vijidudu. Lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na betri. Ndege hazikubali mafuta wala mitungi ya gesi, kwa hiyo tafuta mapema itapatikana wapi. Jiko la petroli huwaka popote penye gari, ila petroli chafu huziba tundu lake, basi beba sindano yake ya kuzibulia.

Juu ya kipito

Dakika kumi za juu kabisa zina utaratibu. Vua fulana iliyolowa jasho kabla ya kupiga picha yoyote. Vaa vyote vya kushukia, glavu zikiwa mwisho. Kula kitu. Bana breki zote mbili na sukuma baiskeli: isisogee. Angalia unene wa pedi, kaza boliti, shika mifuko uitikise. Kisha tazama chini kama kuna malori yanayopanda.

Kushuka

Kilo 110 zikishuka mita 1,000 hutoa joto linaloweza kuchemsha lita tatu za maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali: ama kwenye hewa, ama kwenye breki. Ukishuka polepole mno huku ukiburuza breki muda wote, karibu lote linaingia kwenye rimu au diski. Rimu ikipata moto sana upepo wa tyubu hupanda na tairi inaweza kuruka. Diski ikizidi moto pedi huwa kama kioo na kuacha kushika, na kwenye breki za mafuta, mafuta yenyewe yanaweza kuchemka na kishikio kikazama hadi kwenye usukani.

Kwa hiyo acha baiskeli iende kwenye nyoofu unayoiona yote, upepo ufanye kazi ya breki, kisha bana kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, breki zote mbili, uachie ukiingia. Kwenye mteremko mkali wenye kona zinazojikunja mfululizo, kama zile 48 za Stelvio upande wa Prato, hakuna nyoofu za kutosha: simama kila dakika tano hadi kumi upoze, usimwage maji juu ya diski, na usiiguse kwa kidole. Harufu ya kuungua, au kishikio kinachovutika zaidi ya asubuhi, maana yake ni kusimama sasa hivi. Kivuli cha mwamba huficha barafu hadi saa nne asubuhi, na changarawe hukusanyika upande wa nje wa kona.

Ukifika bondeni, futa rimu, kagua pedi upya na pitisha kidole kwenye kila spoki. Upepo wa tairi upime baridi ikiwa imeisha, kwani tairi iliyojazwa kwenye mita 4,500 itasoma pungufu kwa takriban bar 0.4 karibu na usawa wa bahari. Jaza tena ndipo uendelee.